Amri Ndogo, Maajabu Makubwa: Rekodi za Ubongo na Tezi ya Thairoidi kwa Wanyama

Kila mnyama mwenye uti wa mgongo ana tezi ya thairoidi. Kwa binadamu, mbuzi na paka iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koo. Kwa samaki wengi imetawanyika vipande vipande karibu na matamvua. Kazi yake ni kunasa aidini iliyomo kwenye damu, ile tunayoinunua dukani ikiwa imechanganywa kwenye chumvi yenye madini joto, na kuitengenezea homoni mbili. Ya kwanza ni thairoksini, au T4, yenye atomi 4 za aidini. Ya pili ni T3, yenye atomi 3, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Hizi ndizo zinazoamua mwili uunguze chakula kwa kasi gani, moyo upige mbio kiasi gani, na mtoto akue lini.

Hata hivyo, tezi hii haijiamulii mambo. Juu yake kuna pituitari, tezi inayoning'inia chini ya ubongo, ambayo kwa mtu mzima haizidi punje ya kunde. Pituitari hutoa TSH, homoni inayoiamuru thairoidi ifanye kazi. Pituitari nayo ina mkubwa wake: haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayopokea habari za njaa, baridi, mwanga na hofu. Hiyo hutoa TRH, homoni inayoiamuru pituitari. T4 na T3 zikishatosha kwenye damu, ubongo na pituitari huzihisi na kupunguza amri.

T4 ya chura ndiyo hiyo hiyo ya kondoo, na ya kondoo ndiyo ya binadamu. Hakuna tofauti ya hata atomi moja. Kinachotofautiana ni amri: nani anaitoa, anaitoa lini, na ni kiungo gani kinachoitii. Wanyama wanaofuata hapa wamevunja rekodi kwa sababu ya tofauti hizo.

Ujumbe mfupi kuliko wote

Insulini ina asidi amino 51. TSH ina zaidi ya 200. TRH, amri ya kwanza kabisa katika safari hii, ina 3 tu. Kati ya peptidi zote ambazo haipothalamasi huzitumia kuiongoza pituitari, hakuna iliyo fupi kuliko hii.

Wala haikai. Ikiingia kwenye damu huvunjwavunjwa ndani ya dakika chache, na hilo halina madhara kwa sababu haisafiri mbali: kuna mishipa midogo ya damu inayotoka haipothalamasi moja kwa moja hadi pituitari, umbali wa milimita chache. Linganisha na T4, ambayo kwa binadamu huchukua takribani wiki nzima kupungua kwa nusu. Amri inayoishi dakika chache huzaa kazi inayodumu siku nyingi, na ndiyo maana ubongo unaweza kutawala mwili mzima kwa kiasi kidogo mno cha homoni.

Msako mkubwa kuliko wote

Udogo huo uliwagharimu wanasayansi miaka mingi. Roger Guillemin, mzaliwa wa Ufaransa, na Andrew Schally, mzaliwa wa mji ambao leo ni Vilnius, walianza kuisaka TRH wakiwa pamoja Houston, Marekani. Mwaka 1962 waliachana, na kuanzia hapo wakawa washindani wakali. Guillemin alichagua ubongo wa kondoo. Schally, aliyehamia New Orleans, alichagua ubongo wa nguruwe.

Kazi yenyewe ilianzia machinjioni. Kipande kidogo cha chini ya ubongo kilikatwa kwa mkono, kikagandishwa, kikasafirishwa, kikasagwa pamoja na maelfu mengine, kisha mchuzi wake ukachujwa hatua kwa hatua. Kila sehemu iliyopatikana ilijaribiwa kwa wanyama wa maabara kuona kama ingeiamsha thairoidi, na iliyoshindwa iliwekwa kando. Timu ya Guillemin ilikusanya vipande vya haipothalamasi vinavyofikia milioni 5. Kutoka kwenye ubongo wa kondoo 300,000 walipata miligramu 1 ya TRH iliyo safi.

Hata walipojua kwamba ndani yake mna asidi amino 3, kitendawili hakikuisha. Walipoziunganisha wenyewe maabara, mchanganyiko haukufanya kazi yoyote. Ilibainika kwamba ncha zote mbili za mnyororo huo zimefungwa kikemia kwa namna ambayo hawakuitarajia. Mwaka 1969 timu zote mbili ziliutangaza muundo kamili, karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1977 Guillemin na Schally waligawana Tuzo ya Nobeli na Rosalyn Yalow, aliyeivumbua pamoja na Solomon Berson mbinu ya kupima homoni zilizo chache mno kwenye damu. Mahasimu hao wawili wote walifariki mwaka 2024, Guillemin akiwa na miaka 100 na Schally 97.

Ushahidi wa kwanza wa nani mkubwa

Kabla ya wote hao, viluwiluwi vya chura vilishatoa siri. Mwaka 1912 J. F. Gudernatsch alichapisha matokeo ya jaribio rahisi: aliwalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya thairoidi ya farasi. Viliacha kukua na kuanza kugeuka papo hapo. Miguu ikatoka, mkia ukanywea, vikawa vyura wadogo kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba ndani ya tezi ya shingo mna kitu kinachomgeuza mtoto kuwa mtu mzima.

Mwaka 1916 Philip Smith na Bennet Allen, kila mmoja kivyake, walikwenda juu zaidi. Waliondoa kwenye viinitete vya chura ile sehemu ambayo ingekuja kuwa pituitari. Viluwiluwi vilivyotokea vilipauka na kung'aa kama fedha, thairoidi zao zikadumaa, na havikugeuka kamwe kuwa vyura. Tezi ilikuwepo shingoni, aidini ilikuwepo majini, lakini aliyepaswa kutoa amri hakuwepo.

Utoto mfupi kuliko wote

Katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico anaishi chura aitwaye Scaphiopus couchii, ambaye miguu yake ya nyuma ina kucha ngumu ya kuchimbia. Muda mwingi wa mwaka hujifukia ardhini. Mvua ya radi ikinyesha, hutoka usiku huo huo, hupandana na kutaga kwenye madimbwi yatakayokauka baada ya siku chache. Mayai huanguliwa ndani ya takribani siku moja. Kuanzia yai hadi chura mwenye miguu minne, huweza kumaliza safari yote kwa siku 8 hivi.

Robert Denver, kwa utafiti aliouendeleza hadi Chuo Kikuu cha Michigan, alimfuatilia jamaa wa chura huyu aishiye California, akatueleza kinachotokea maji yanapopungua. Jua linapiga, dimbwi linakuwa la kina kifupi, viluwiluwi vinasongamana. Ubongo wao unaisoma hali hiyo kuwa hatari na kutoa homoni ya CRH. Kwetu sisi mamalia, CRH ni homoni ya mfadhaiko, inayoamsha tezi zilizo juu ya figo. Kwa chura inafanya kazi mbili kwa mpigo: inaamsha homoni za mfadhaiko, na pia inaiamuru pituitari itoe TSH. Thairoidi inapandisha T4, mfadhaiko unaongeza makali yake, na mkia unaanza kuyeyuka kabla ya wakati.

TRH, ile iliyotafutwa kwenye ubongo wa mamilioni ya kondoo, haiwasukumi viluwiluwi kugeuka. Kwao amri iko mikononi mwa homoni ya hatari. Nayo ina bei yake: anayegeuka mapema hutoka majini akiwa mdogo, na mdogo hana akiba ya kutosha ya kupambana na jangwa. Lakini chura mdogo aliye hai ana nafasi ambayo kiluwiluwi kikubwa kwenye tope lililokauka hakina.

Utoto usiokwisha

Upande wa pili wa rekodi hiyo yuko aksolotli, salamanda wa maziwa na mifereji ya Xochimilco, katika Jiji la Mexico. Huyu hufikia utu uzima, hupandana na kutaga, huku bado ana matamvua ya mtoto yaliyochanua kama manyoya pande mbili za kichwa. Mwaka 1864 aksolotli hai walipelekwa Paris, na mwaka uliofuata Auguste Duméril alipigwa na butwaa kuona baadhi ya watoto wao wakipoteza matamvua na kugeuka salamanda wa nchi kavu. Wengi hawakuamini kwamba ni mnyama mmoja.

Leo tunajua kwamba thairoidi ya aksolotli ni nzima na mwili wake unazisikia homoni. Mpe T4, atageuka. Pungufu liko juu: pituitari yake haitoi TSH ya kutosha kuiamsha tezi. Kwa hiyo mnyama mzima anabaki majini maisha yake yote kwa sababu amri haifiki na uzito unaotakiwa. Inasikitisha kwamba kiumbe huyu anayefugwa kwenye maabara duniani kote anakaribia kutoweka kwao. Mwaka 1998 walikadiriwa kuwa 6,000 kwa kila kilomita ya mraba huko Xochimilco. Mwaka 2014 walibaki kama 36.

Yupo aliyekwenda mbali kuliko aksolotli. Olmi, salamanda kipofu wa mapango ya Slovenia na nchi jirani, hageuki hata akipewa homoni hizo kwa wingi. Thairoidi yake inafanya kazi, lakini viungo ambavyo kwa wengine hugeuka, kwake haviitikii tena wito. Huyu ana rekodi nyingine: wastani wa umri wake akiwa mtu mzima unakadiriwa kupita miaka 68, maisha marefu yasiyo ya kawaida kwa mnyama mwenye uzito wa gramu 20 hivi.

Uso unaohama

Wavuvi wa pwani yetu wanamjua gayogayo, samaki bapa anayelala mchangani huku macho yote mawili yakiwa upande mmoja wa kichwa. Hazaliwi hivyo. Samaki wa jamii hii huanguliwa wakiwa wamesimama wima kama samaki wengine, jicho moja kila upande. Baada ya wiki kadhaa jicho moja huanza kuhama, hupanda juu ya kichwa na kwenda kukaa karibu na mwenzake, na samaki hulala chini moja kwa moja.

Mwaka 1985 Yasuo Inui na Satoshi Miwa wa Japani walionyesha kwamba nyuma ya uhamaji huo kuna homoni za thairoidi. Watoto wa samaki bapa walipoongezewa homoni hiyo majini waligeuka mapema. Walipopewa dawa ya kuizuia thairoidi, waliendelea kuogelea wima, wakakua kuwa watoto wakubwa ambao macho yao hayakuhama. Kwenye mifupa na misuli ya wanyama wenye uti wa mgongo ni vigumu kupata kazi ya homoni inayoonekana waziwazi kuliko hii.

Jibu la haraka zaidi kwa mwanga

Kware wafugwao Kenya na Tanzania kwa mayai yao ni ndege wa Kijapani, Coturnix japonica, na maabara zinamheshimu kwa sababu moja: huitikia majira kwa kasi ya ajabu. Akiwekwa kwenye siku fupi, viungo vyake vya uzazi hunywea. Akipata siku moja tu ndefu, mwili unaanza kubadilika kabla siku hiyo haijaisha. Ndani ya wiki mbili au tatu, korodani za dume huongezeka uzito zaidi ya mara 100.

Takashi Yoshimura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nagoya waliifuata siku hiyo ya kwanza saa kwa saa, wakatangaza matokeo mwaka 2008. Taa inawashwa alfajiri. Kwa saa nyingi hakuna jipya. Takribani saa 14 baada ya alfajiri, wakati ambapo katika siku fupi giza lingekuwa limeshaingia zamani, seli zilizo kwenye kola ya pituitari, pale inapopakana na ubongo, zinaanza kutengeneza TSH. Saa 4 baadaye, ndani ya haipothalamasi kunaamka kimeng'enya kinachoing'oa T4 atomi moja ya aidini na kuifanya T3. Hiyo T3 iliyotengenezwa pale pale ubongoni ndiyo inayofungua mlango wa homoni za uzazi.

Mwelekeo umegeuka. TSH tuliyoizoea hushuka kutoka kichwani kwenda shingoni. Hii ya kware hupanda kutoka pituitari kwenda ubongoni, na thairoidi haiguswi. Mwaka huo huo wa 2008 timu nyingine ilionyesha njia hiyo hiyo kwa kondoo, ambao huisoma kalenda kwa homoni ya usiku iitwayo melatonini.

Kware hahitaji hata macho kwa kazi hii. Tangu miaka ya 1930 Mfaransa Jacques Benoit alikuwa ameonyesha kwa mabata kwamba mwanga hupenya fuvu na kufika ubongoni. Mfugaji anayewasha balbu jioni kwenye banda ili kware wake wasiache kutaga anawasiliana, bila kupitia njia nyingine yoyote, na seli zilizo ndani ya ubongo wa ndege wake.

Badiliko lililoenea kuliko yote kwa mifugo

Mwaka 2010 timu ya kimataifa ikiongozwa na watafiti wa Uppsala, Sweden, ilisoma vinasaba vya kuku wa aina mbalimbali na kuvilinganisha na vya kuku pori wa Asia, babu yao. Alama nzito kuliko zote za uchaguzi wa binadamu ilikutwa kwenye jeni ya kipokezi cha TSH, yaani mlango ambao TSH hubisha hodi. Karibu kuku wote wa kufugwa waliopimwa, wa mayai na wa nyama, walikuwa na badiliko hilo hilo, na wengi walikuwa nalo kutoka kwa wazazi wote wawili.

Mifupa ya kale iliyochunguzwa baadaye ilionyesha kwamba huko Ulaya badiliko hilo lilishika kasi takribani miaka 1,100 iliyopita, wakati ulaji wa kuku na mayai ulipoongezeka. Watafiti wanalihusisha na kuku kulegeza kalenda ya uzazi, na pia kupungua ukali na woga. Duniani kuna kuku zaidi ya bilioni 20 wakati wowote ule. Hakuna marekebisho mengine ya amri ya TSH yanayobebwa na mifugo mingi kiasi hicho.

Wimbi kubwa kuliko yote

Kiwango cha juu kabisa cha TSH ambacho mtu mwenye afya atawahi kuwa nacho hukipata kabla hajatimiza saa moja duniani. Mtoto anatoka kwenye joto la tumbo la mama, anakutana na hewa, kitovu kinakatwa, na ubongo wake unapiga mbiu. Takribani dakika 30 baada ya kuzaliwa, TSH hufika vipimo 60 hadi 80 kwa lita, wakati kwa mtu mzima kiwango cha kawaida hakizidi 4 au 5. T4 na T3 hupanda nyuma yake, nazo humsaidia mtoto kutengeneza joto lake mwenyewe. Kwa wanakondoo, wanaodondoka kwenye baridi wakiwa wamelowa, homoni hizi nazo hupanda ghafla.

Kwa sababu ya wimbi hilo, kipimo cha thairoidi cha mtoto mchanga huchukuliwa kisiginoni baada ya siku kadhaa, TSH ikishatulia. Kipimo hiki kilianzishwa Quebec, Kanada, na Jean Dussault katikati ya miaka ya 1970. Mtoto aliyezaliwa bila thairoidi inayofanya kazi akigunduliwa mapema na kupewa kidonge cha T4 kila siku, akili yake hukua vizuri. Akichelewa, hasara hairudishiki. Sioni ugunduzi mwingine wa homoni uliookoa akili za watoto wengi kwa gharama ndogo hivi.

Ukimya mrefu kuliko wote

Dubu mweusi wa Amerika Kaskazini hulala miezi mingi ya baridi bila kula wala kunywa. Mwaka 1979 Fereidoun Azizi na wenzake walipima damu ya dubu waliolala, wakakuta homoni za thairoidi zimeshuka, na chanzo kilionekana kuwa juu, kwenye haipothalamasi. Tezi haikuwa na ugonjwa. Ubongo ulikuwa umepunguza amri ili akiba ya mafuta ifike mwisho wa msimu.

Mamalia wote wana kipaji hiki kwa kiwango fulani. Panya wa maabara akinyimwa chakula, TRH yake hushuka. Akidungwa leptini, homoni ambayo mafuta ya mwili huitumia kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, anguko hilo huzuilika. Ubongo hauuzi moto kwa mwili usio na kuni.

Mpinzani mkubwa kuliko wote

Lamprei ni samaki asiye na taya, wa ukoo wa kale sana. Kwa chura, T4 ikipanda mtoto hugeuka mtu mzima. Kwa lamprei ni kinyume: mtoto wake hukaa miaka kadhaa kwenye tope la mto akiwa na homoni nyingi za thairoidi, na hugeuka pale zinaposhuka. Watafiti wakimwekea majini kemikali ya kuizuia thairoidi, dawa ambayo ingemzuia kiluwiluwi, yeye humharakisha. Homoni ni ile ile, lakini mwili wake umeichukua kama agizo la kusubiri.

Umri mrefu wa panya

Chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia anaishi fuko asiye na manyoya, aliyeanza kufuatiliwa kwa karibu na Jennifer Jarvis akiwa Nairobi katika miaka ya 1960. Wanaishi kwa makundi chini ya malkia mmoja, na joto la miili yao hufuata la mashimo yao. Rochelle Buffenstein na wenzake walikuta kwamba damu yao ina T4 kidogo sana ikilinganishwa na mamalia wengine. Mnyama huyu mwenye ukubwa wa panya wa nyumbani ameishi kifungoni zaidi ya miaka 37, rekodi ya wanyama wote wa jamii ya panya.

Nao panya mbilikimo wa ukoo wa Ames, ambao kwa hitilafu ya jeni moja pituitari yao haitengenezi TSH, homoni ya ukuaji wala prolaktini, huishi karibu nusu zaidi ya ndugu zao wa kawaida, na majike hupita hapo. Kwa kuwa homoni tatu hukosekana kwa pamoja, sifa yote haiwezi kwenda kwa thairoidi. Lakini mnyama mmoja wa porini na mmoja wa maabara wanatuonyesha kwamba moto uliopunguzwa unaweza kwenda na maisha marefu.

Tezi iliyotuna kuliko zote

Amri isiyojibiwa hurudiwa. Aidini ikikosekana, T4 hushuka. Pituitari huongeza TSH. Na TSH, pamoja na kudai kazi, huzifanya seli za tezi ziongezeke. Shingo huvimba. Hilo ndilo rovu.

Mwaka 1928 Alan Chesney na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walishangaa kukuta sungura wao wa maabara wana marovu makubwa. Chanzo kilikuwa chakula: walikuwa wakilishwa kabichi karibu kila siku. Kabichi, sukuma wiki na jamaa zake zina kemikali zinazoizuia thairoidi kunasa au kutumia aidini. Kondoo wenye mimba wakichungiwa sana kwenye mashamba ya jamii hiyo ya mboga, huzaa wanakondoo wenye shingo zilizovimba. Sahani yako ya sukuma wiki iliyopikwa, ukiwa unatumia chumvi yenye madini joto, haina neno.

Kwenye Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu nchini Kongo, hali ilikuwa nzito zaidi. Kuanzia miaka ya 1960 François Delange na wenzake walikuta marovu kwa idadi kubwa ya wakazi. Udongo wa kisiwa ulikuwa na aidini kidogo, na muhogo usioandaliwa vya kutosha uliongeza kemikali inayomnyima mtu hata hicho kidogo. Ubongo wa kila mgonjwa ulikuwa ukifanya kazi yake sawasawa, ukipandisha TSH siku baada ya siku. Kilichokosekana ni malighafi, ambayo gharama yake kwenye kilo ya chumvi ni ndogo kupita kiasi.

Kipimo kikali kuliko vyote

Paka wazee wana rekodi ya kinyume. Ugonjwa wa thairoidi kuzidi kazi ulielezwa kwao kwa mara ya kwanza mwaka 1979 huko New York, na sasa ndio ugonjwa wa homoni unaowapata zaidi paka wa umri mkubwa. Tezi huota uvimbe unaofanya kazi bila kuagizwa. Paka hula sana na bado hukonda. Pituitari huhisi T4 imejaa na kufunga TSH karibu kabisa, lakini tezi haisikilizi tena.

Kwa binadamu, hitilafu za thairoidi hugunduliwa mapema kwa sababu pituitari yenyewe ni kipimo kikali mno. T4 ikishuka kwa nusu tu, TSH huweza kupanda hadi mara 100. Kwa hiyo daktari anayeshuku thairoidi huanza kwa kuuliza amri imetolewa kwa nguvu gani. Ukipewa karatasi ya maabara yenye TSH, isome kwa kugeuza: namba kubwa ina maana ubongo unadai kazi ambayo tezi imeshindwa kuifanya, namba iliyozama karibu na sufuri ina maana tezi imezidisha na ubongo umenyamaza. Na kwa kuwa mara chache mgonjwa ni pituitari yenyewe, omba T4 ipimwe pamoja nayo, ili mtoa amri na mpokea amri wote wasikilizwe kabla ya dawa kuandikwa.